Nilimwambia Hakuna Lozi

Nianze na mwisho ili msomaji asikae roho juu: mama yule hakufa. Alilala usiku mmoja kwenye zahanati ya meli, akatoka na uso uliovimba, na tulipotia nanga Miami alishuka kwa miguu yake mwenyewe. Aliyeumia ni kijana mmoja wa Kiindonesia aliyekuwa msaidizi wangu, na aliyemuumiza ni mimi. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi mbele ya watu, na kila mara nilikisimulia kwa uongo. Hapa nakieleza kilivyokuwa.

Nilikuwa mhudumu wa chakula kwenye meli kubwa ya watalii iliyozunguka visiwa vya Karibiani. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa sina cha kuidai. Nilitoka hoteli moja ya ufukweni Nyali, nikapita kwa ajenti, nikapata kitabu cha baharia na vyeti vya usalama, nikapimwa kila kinachopimika mwilini, nikapanda ndege. Vijana wa Mombasa wanaijua njia hiyo siku hizi. Kila mtaa una mtu wake aliye melini, na akirudi likizo huulizwa swali lilelile: mle ndani watu hula nini?

Hula kila kitu, na hula wakati wote. Asiyewahi kupanda hudhani kuna ukumbi mmoja wa chakula kama wa hoteli. Ukumbi mkuu upo, wa ghorofa mbili au hata tatu, wenye ngazi za kupigia picha, na chakula chake kimo ndani ya nauli. Juu, karibu na bwawa la kuogelea, kuna bafe inayofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Kuna pahali pa piza, pa baga, pa aiskrimu. Halafu kuna mikahawa ya kulipia, ya nyama ya kuchoma, ya Kijapani, ya Kiitaliano, ambako abiria hutoa dola hamsini hivi juu ya nauli yake ili ale kwa utulivu mbali na watoto wa wenzake. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina zaidi ya sehemu 20 za kula. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima mle asikalie kiti kimoja mara mbili.

Chini ya hayo yote, kwenye sitaha zisizo na madirisha, tupo sisi. Korido kubwa ya wafanyakazi inaitwa I-95, kwa jina la barabara kuu ya mashariki mwa Marekani, na kama barabara yoyote ina msongamano wa magari, isipokuwa magari yenyewe ni mikokoteni ya sahani. Mesi yetu haikukosa wali, maana wengi wetu walikuwa Wafilipino, Waindonesia na Wahindi. Mimi nilikuwa na chupa ya pilipili ya kusaga niliyotoka nayo Kongowea, na kwa chupa hiyo nilipata marafiki wa mataifa yote.

Nilianzia ukumbi mkuu, kwa utaratibu wa zamani ambao kampuni nyingi bado zinao: zamu mbili za chakula cha jioni, ya kwanza saa kumi na mbili, ya pili saa mbili na kitu, meza ileile, watu walewale, mhudumu yuleyule hadi safari iishe. Mhudumu na msaidizi wake hushika watu ishirini na zaidi kwa kila zamu. Mhudumu huchukua oda, huleta chakula chenyewe na ndiye mwenye mdomo. Msaidizi huleta maji, mkate na vinywaji, kisha huondoa vyombo. Kufikia usiku wa pili unajua kwamba babu wa meza ya dirishani hataki barafu, na kwamba mama wa kona huagiza kitindamlo cha pili mumewe akienda msalani.

Kuna jambo moja katika ukumbi huo ambalo abiria wengi hawalioni. Mwenye mzio wa chakula huletewa menyu ya kesho usiku wa leo. Mkuu wa wahudumu huinama mezani kwake, humpa karatasi, huyo abiria huchagua, na karatasi huenda jikoni. Kesho yake chakula chake hupikwa kando, kwenye sufuria yake, na kuletwa kimefunikwa kikiwa na alama. Nililiona hilo kila usiku. Niliona ni usumbufu.

Kosa langu lilianzia hapo, muda mrefu kabla ya usiku wenyewe. Nyumbani kwetu Kisauni sikumjua mtu mwenye mzio wa chakula. Mtoto akitoka vipele baada ya kula pweza, huambiwa yeye na pweza hawapatani, na maisha huendelea. Melini nikakuta watu wazima wanaokataa ngano, maziwa, kitunguu saumu, hata nyanya, kila mmoja na karatasi yake. Na wengine walikuwa wanatusumbua kweli. Nilimhudumia bibi mmoja aliyeapa kwamba ngano kidogo tu ingempeleka zahanati. Jikoni wakampikia kando safari nzima. Usiku mmoja nikapita bafe, nikamkuta amesimama mbele ya keki ya chokoleti, uma mkononi, akanikonyeza. Nikacheka naye. Tangu hapo nikawatia wote kapu moja: maradhi ya watu waliokosa shida. Kwa meneja sikulisema hilo, lakini mesini nililisema, na watu walicheka.

Mhudumu wa meli huishi kwa alama. Safari ikiisha abiria hupelekewa fomu, na alama zake ndizo zinazompandisha mtu au kumrudisha bafe kubeba trei. Kumi ni kumi. Nane ni kesi. Mimi nilikuwa na ulimi mzuri, nilijua wakati wa kutania na wakati wa kunyamaza, na jina langu lilitajwa sana kwenye fomu hizo. Nikahamishiwa mkahawa wa kulipia wa vyakula vya Mediterania, sitaha za juu, pamoja na yule kijana.

Alitoka Bali. Alikuwa mfupi, mkimya, na mfukoni mwa shati alibeba daftari dogo la jalada la plastiki ambamo aliandika kila alichoambiwa kuhusu chakula. Kabla ya mkahawa kufunguliwa mpishi hutukusanya, huweka mezani sahani moja ya kila chakula kipya, na kueleza kimetiwa nini na nani asikiguse. Kijana aliandika. Mimi nilisimama nyuma nikifuta glasi. Jioni ile hasa nilikuwa na simu chini ya kitambaa, nikibishana na mke wangu kuhusu kiwanja cha Mtwapa. Mpishi alizungumza juu ya sosi mpya ya samaki. Sikusikia neno hata moja.

Sosi yenyewe inaitwa romesco, ya Wakatalunya wa Hispania. Pilipili hoho na nyanya huchomwa, zikasagwa na kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, siki na kipande cha mkate. Kinachoipa uzito ni lozi zilizokaangwa. Ukiitupia jicho ni nyekundu, unaona nyanya. Lakini mimi ni mtu wa Pwani. Mama yangu akitaka rojo la biriani liwe zito husaga korosho, na utotoni nilikaa jikoni kwake nikizimenya na kuziiba. Mchuzi mzito usio na nazi umeshikwa na kitu kingine, na hilo ningelijua kwa kuuchota kijiko kimoja tu. Sikuuchota.

Walikuwa mume na mke, watu wa makamo, Wamarekani. Siku zote walikula ukumbi mkuu, na huko mama aliletewa menyu ya kesho kila usiku. Mchana ule muuzaji wa nafasi za mikahawa aliwakuta bwawani, akawauzia meza kwetu kwa punguzo, nao wakaja. Habari ya mzio ilibaki ukumbini chini. Kwenye orodha yetu palikuwa na jina, idadi ya watu na namba ya chumba, basi.

Mama akaweka kidole kwenye menyu. "Huyu samaki, sosi yake ni ya nini?"

"Pilipili hoho za kuchoma na nyanya, madam. Tamu sana."

"Nina mzio wa lozi, korosho, vyote vya jamii hiyo. Hakuna lozi humo?"

"Hakuna lozi," nikasema.

Nilisema kwa tabasamu, nikimtazama machoni. Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe huila kila siku. Huo nao ulikuwa uongo, maana mhudumu hali chakula cha mkahawa ule. Akikionja ni kile kijiko cha kwenye kikao cha mpishi.

Mlango wa jiko ulikuwa nyuma yangu. Ningekwenda na kurudi kabla hajafunga menyu. Sitasema kazi ilinizidi, kwa sababu usiku ule hatukujaa, meza kadhaa zilikuwa tupu hadi tunafunga. Nilikuwa mgeni pale, na mhudumu wa mkahawa wa kulipia anatarajiwa kujua; nilidhani anayekwenda kuuliza huonekana hajui. Isitoshe, sikumwamini. Nilipomtazama mama yule nilimwona bibi wa keki.

Kijana alikuwa baa akingojea vinywaji vyao. Hakusikia.

Alikula vipande viwili vitatu. Akaweka uma, akanywa maji, akanywa tena. Akajikuna mdomo kwa ncha ya kidole. Mumewe aliyekuwa akizungumza alinyamaza ghafla, akavuta mkoba wa mkewe na kumwaga vitu vyote mezani: miwani, kadi ya chumba, rangi ya mdomo, na kitu kama kalamu nene. Akakitoa kifuniko, akakikita kwenye paja la mkewe juu ya gauni, akakishikilia huku akihesabu kwa sauti. Sindano ile ya adrenalini hupita kwenye nguo, sikuwa najua. Midomo ya mama ilikuwa imeshavimba, shingo imejaa mabaka mekundu, na kila alipovuta pumzi ilitoka na mluzi.

Kwenye meli nyingi dharura ya mgonjwa hutangazwa kwa neno Alpha, na pahali ilipotokea. Palitajwa mkahawa wetu. Wauguzi walikuja na machela, wakampitisha lifti ya wafanyakazi hadi zahanati, na huko wakakaa naye usiku kucha, kwa sababu mzio wa aina hiyo huweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia. Watu wa meza ya jirani waliniuliza kama bado wanaweza kupata kitindamlo. Niliwaletea.

Kijana alikuwa ameshaelewa. Aliniita pale tunapokung'uta mabaki, akatoa daftari, akanionyesha ukurasa wa siku ile. Wino wa buluu, herufi kubwa: jina la sosi, na mbele yake lozi, limepigiwa mistari miwili.

"Kaka, mpishi alisema," akaniambia. "Mbona hukuniuliza?"

Nilichomjibu nakikumbuka chote. "Ficha hilo. Wakijua ulikuwa umeandika na hukusema, wewe ndiye utakayerudishwa kwenu."

Akalirudisha mfukoni. Alikuwa na deni la ajenti nyumbani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, lakini nimekutana na mabaharia wengi wanaolipa kwa majina mengine, na huyu alikuwa mmoja wao. Nililijua deni lake. Tuliwahi kulizungumza tukikunja vitambaa.

Asubuhi mume alikuja mkahawani. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja: "Ulikwenda kuuliza jikoni?" Nikamwambia nilimtuma msaidizi wangu, naye akaniletea jibu kwamba haina lozi. Akanitazama kidogo, akasema asante, akaondoka. Saa moja baadaye niliyaandika maneno hayohayo ofisini kwa meneja wa mikahawa na kutia sahihi.

Kijana aliitwa baada yangu, mimi nikiwa bado nimekaa. Meneja akamuuliza kama nilimtuma jikoni. Alitazama meza, akasema hakumbuki. Daftari lilikuwa mfukoni mwake, nilikuwa naliona jalada lake. Angelitoa, uongo wangu ungeishia pale pale. Lakini nilikuwa nimeshamwaminisha kwamba ndilo litakalomfunga. Na mtu asiyekumbuka, mbele ya mtu aliyeandika na kutia sahihi, ameshashindwa.

Alipewa onyo la mwisho la maandishi, akashushwa kwenye kuosha masufuria. Mkataba huohuo wa 2006 unampa baharia haki ya kulalamika akiwa melini, tena akiwa na mtu wa kumsindikiza, na asiadhibiwe kwa kulalamika. Bango la haki hizo lilikuwa ukutani karibu na mesi, kwa Kiingereza. Mimi nililisoma nikalielewa. Yeye Kiingereza chake kilikuwa cha mezani. Sikumwelekeza. Nilipopishana naye kwenye I-95, mikono imekunjamana kwa maji ya moto, nilimpungia, naye akanipungia. Muda wake ulipoisha alirudi Bali, na hakuitwa tena.

Alama zangu hazikushuka. Nilimaliza ule mkataba, nikapewa mwingine, na mwingine. Kiwanja cha Mtwapa nilikinunua.

Kwa muda mrefu nilikuwa na utetezi, na ubaya wake ni kwamba una ukweli ndani yake. Nilisema kosa ni la utitiri wa mikahawa. Hapo kale abiria alikula ukumbi wa daraja lake, saa aliyopangiwa. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iitwayo Amerika ikafungua mkahawa wenye jina la Ritz-Carlton, ambamo tajiri aliagiza akitakacho na kulipa kando. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo uliosimamiwa na Mwitaliano Luigi Gatti; meli ilipozama karibu wahudumu na wapishi wake wote walikufa, naye akiwamo. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ikatangaza mtindo wa kila mtu kula apendapo, saa apendayo, bila meza ya kudumu, na wengine wakafuata kila mmoja kwa namna yake. Siwalaumu abiria kwa kuupenda. Nani anataka kupangiwa saa ya kula akiwa likizo?

Lakini ule uhuru una gharama, na wahudumu wote wanaijua. Katika ukumbi wa zamani kulikuwa na mtu mmoja aliyekujua. Ukila leo huku, kesho kule, keshokutwa bafe, kila usiku unahudumiwa na mgeni, na jambo ulilomwambia wa jana halimfikii wa leo isipokuwa mtu fulani ameliingiza kwenye kompyuta na mtu mwingine akalisoma. Nilifika mbali na hoja hii. Niliitoa hata kwenye semina ya wafanyakazi, nikapigiwa makofi. Ni hoja nzuri na ningeitetea tena leo. Tatizo ni kwamba hainihusu. Karatasi ya mama yule ilibaki chini, sawa. Lakini yeye mwenyewe alikaa mbele yangu akaniambia kwa kinywa chake, nami nikamjibu.

Nilipoacha meli nilipata kazi ya kufundisha vijana wa Mombasa wanaojiandaa kwenda baharini: kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, kufungua mvinyo, kukunja vitambaa. Nikawa hodari wa somo la mzio. Huwaeleza kwamba Umoja wa Ulaya unataka aina 14 za vyakula zitajwe kwa mlaji, kuanzia ngano, mayai na maziwa hadi haradali na ufuta. Kwamba Marekani iliongeza ufuta kuwa wa tisa kwenye orodha yake, na sheria ikaanza kufanya kazi Januari 2023. Kwamba England ina sheria inayoitwa kwa jina la Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukuandikwa kwenye pakiti. Huwaonyesha vitu vinavyojificha. Sosi ya Worcestershire ina dagaa. Vile vijiti vinavyoitwa vya kaa ni samaki wa kusagwa, na mara nyingi hushikizwa kwa ute wa yai. Pesto ya kijani mara nyingi huwa na kitu cha jamii ya lozi. Huwaambia dawa ya mwenye kubanwa koo ni sindano ya adrenalini kwanza, kidonge cha kuwashwa hakimtoshi.

Kisha, kwa kila kundi, nilifunga kwa kisa. "Nilikuwa na msaidizi mmoja. Mgeni akauliza kuhusu lozi. Nikamtuma jikoni akaulize. Hakwenda, akaniletea jibu la uongo." Darasa lilitulia tuli. Kisa kilifanya kazi vizuri sana, na kadiri nilivyokirudia ndivyo nilivyokaribia kukiamini.

Mwaka huu binti mmoja wa Kwale akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini hukwenda wewe mwenyewe?"

Nikamjibu kwamba mkahawa ulijaa. Msomaji ameshajua haukujaa. Binti akaandika jibu langu kwenye daftari lake, na mimi nikasema kipindi kimeisha ilhali hakikuisha.

Nilipokutana nao tena niliwaambia ilivyokuwa, kuanzia simu chini ya kitambaa hadi maneno niliyosema penye mabaki. Nilijiandaa kwa dharau yao. Haikuja. Kijana mmoja akauliza kama kampuni inaweza kunishtaki baada ya muda wote huu. Mwingine akataka kujua sindano ile huuzwa bei gani. Yule binti hakuuliza kitu. Alifungua kurasa za nyuma, akakata mistari kadhaa, akaandika upya.

Nimeiandikia kampuni barua inayosema kwamba taarifa niliyotia sahihi ilikuwa ya uongo na kwamba kijana yule alikuwa ameandika alichoambiwa. Nakala nimempa Mfilipino tuliyefanya naye kazi, ambaye bado anawasiliana na kijana huyo. Sikuomba nisamehewe katika barua hiyo. Nilieleza tukio, nikaacha anwani yangu, nikasema nitalirudia mbele ya yeyote atakayeniita. Mke wangu anaona ningenyamaza, kwamba ninachokoza maji yaliyotulia na ajenti hawatanipa tena vijana wa kufundisha. Huenda hilo likatokea. Na nyumba yetu tumeijenga kwenye kiwanja kile.

Nyinyi vijana mnaotoka Mombasa kwenda melini, msaidizi wenu akiwa na daftari, lisomeni kabla ya mkahawa kufunguliwa. Na wewe abiria mwenye mzio, au unayesafiri na mtoto mwenye mzio: mwone mkuu wa wahudumu usiku wa kwanza, omba menyu ya kesho, na kila unapohamia mkahawa mwingine ulieleze jambo lako upya kama hujawahi kulisema. Sindano iwe kwenye mkoba ulio nao mezani, isiachwe chumbani. Mhudumu akikujibu papo hapo, bila kuondoka hapo aliposimama, mwambie kwa upole aende jikoni akaulize. Akikataa, usile chakula hicho, hata awe na tabasamu zuri kiasi gani.